Ondoka Mtandaoni Bila Kuaga

Naona mmeanza kucheka, maana hili mmeshanisikia nikilisema. Nitalisema tena. Ukitaka kupumzika na mitandao ya kijamii, usitangaze!

Mfuatilieni yule anayeandika, "Wapendwa, nachukua mapumziko, nitawakumbuka." Simu hata haijapoa, karudi kuchungulia. Nani kalaiki? Nani kakomenti "usituache"? Na fulani mbona kimya, wakati stetasi kaiona? Usiku anajibu komenti moja, asije akaonekana ana maringo. Asubuhi anajibu zote, na za waliotania pia. Posti ya kuaga imemshika kuliko zote alizoweka mwaka mzima. Wala msimcheke sana, ndivyo mitandao hii ilivyoundwa. Tangu Facebook ilipoweka kitufe cha laiki mwaka 2009, ukiandika neno, hesabu inakuita urudi kuitazama.

Mtu ataniambia, "Lakini mwalimu, nikinyamaza ghafla watadhani naumwa, au nimewanunia." Akina nani hao? Wanaokuhitaji kweli wana namba yako. Waandikie mmoja mmoja: "Ukinitafuta, nipigie." Basi. Wale mamia wengine hawatagundua kama haupo. Najua hilo linauma, ndiyo maana watu wanaaga!

Tena sijasema kila mtu afute akaunti. Wengine wateja wao wote wako humo. Kaa, ila kaa kimya. Zima arifa. Kwenye WhatsApp ficha saa uliyoonekana mara ya mwisho, zima na tiki za bluu. Tangu 2022 unaweza hata kutoka kwenye kundi, taarifa ikawafikia wasimamizi wake tu. Sasa lile kundi la maandalizi ya harusi, ambayo bwana na bibi harusi wameshapata mtoto, unasubiri nini humo?

Na ukiamua kufuta kabisa, usichanganye kusimamisha akaunti kwa muda na kuifuta. Ukiomba Facebook ifute, unapewa siku 30 za kughairi, na hapo ndipo wengi wanaporudi. Pakua picha zako kwanza.

Nilitaka kusema na juu ya wazazi wanaoposti watoto wao, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Tuanze na wewe uliyenirekodi tangu nianze: hiyo video unaipeleka wapi?