Podikasti: Sosioniki na Swali la Nani Anapatana na Nani

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Baraka, wasikilizaji wengi wamewahi kujaza yale maswali ya mtandaoni wakaambiwa wao ni INTJ au ENFP, zile herufi nne za aina ya tabia. Sosioniki, hii nadharia ya aina za watu na jinsi wanavyopatana, ndiyo hiyohiyo?

BARAKA: Asili ni moja: Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, na kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu. Wamarekani wakaenda na njia yao, ndiyo hayo maswali ya herufi nne. Sosioniki yenyewe ilianzia Vilnius, Lithuania, miaka ya 1970, enzi za Umoja wa Kisovieti. Mwanzilishi ni mama mmoja mchumi, Aušra Augustinavičiūtė. Alimchukua Jung, akaongezea wazo la Antoni Kępiński, daktari wa akili wa Poland, kwamba akili hupokea habari na kuzisaga kama mwili unavyosaga chakula.

ZUHURA: Na ninavyomwelewa, kumjua mtu mmoja mmoja hakukumtosha. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wema, wote wanajitahidi, wakikaa pamoja wanachoshana.

BARAKA: Hapo ndipo penye utamu, dada. Aina ziko 16, na kila moja ina uhusiano wake na nyingine. Zimepewa majina ya watu maarufu na wa hadithini. Chukua Don Quixote. Amepata wazo jipya, yuko nalo tangu asubuhi, hajala na wala hajui kama ana njaa. Dumas, aina nyingine, anaona kabla ya kuambiwa. Anamtengea chakula mezani bila kumgombeza. Naye Dumas anachangamka akiletewa mawazo mapya, maana hayo hayamjii kirahisi. Kila mmoja anatoa kile mwenzake anachokosa, tena bila kujilazimisha. Huo wanauita uduali.

ZUHURA: Sasa mpeleke huyo Don Quixote kwa aina nyingine, Maxim.

BARAKA: Maxim anataka utaratibu unaoeleweka. Kila "na tukijaribu hivi?" ya Don Quixote inamgusa pale alipo dhaifu. Don Quixote hana nia mbaya hata chembe, lakini mwenzake anaishi roho juu. Ni uhusiano wa mkaguzi na mkaguliwa.

ZUHURA: Mimi hapo ndipo iliponishika. Unaacha kutafuta nani mkosaji. Lakini ngoja nikubane: nani kaamua kwamba mimi ni Dumas?

BARAKA: Hilo ndilo donda lao. Wengine wanakuhoji kwa kirefu, wengine wanakupa dodoso, wengine wanatazama sura yako kwenye video tu. Si ajabu mtu mmoja akapewa aina tatu na wajuzi watatu. Hata Kyiv, moja ya ngome zake kubwa, Viktor Gulenko ana shule yake na wengine wana zao.

ZUHURA: Na vyuo vikuu?

BARAKA: Saikolojia ya vyuo haijaikubali. Huko tabia hupimwa kwa viwango, huyu zaidi, yule kidogo, bila kumfungia mtu kwenye aina moja.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema wazi: kumkataa mchumba kwa sababu ya jedwali la sosioniki ni dhuluma. Itumie kumuuliza mwenzako kinachomchosha, basi.

BARAKA: Nakuunga mkono. Na anayetaka kuisoma aanze na vile vipengele vinane vya habari, yaani aina nane za habari ambazo akili hupokea; dodoso baadaye. Herufi zisimchanganye pia: kwa wapole wasiopenda makundi, ile ya mwisho mara nyingi hugeuka, kwa hiyo INTj wa sosioniki huenda asiwe INTJ wa Wamarekani.