Kiwanda Kinachohama: Mhadhara Kuhusu Wafanyakazi wa Nguo wa Amerika ya Kati

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioitikia mwaliko, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie haki za binadamu viwandani katika nchi zinazosema Kihispania. Nchi hizo ni nyingi, na nikitaka kuzigusa zote tutaachana bila ya kujua lolote. Nitakaa Honduras, nitapita Meksiko na El Salvador, kisha nitarudi kwetu kwa muda mfupi, kwa sababu ipo sheria moja iliyotufunga kamba moja na watu wale.

Choloma ni mji wa kaskazini mwa Honduras, kati ya San Pedro Sula na bandari ya Puerto Cortés. Bonde lile lilijulikana kwa migomba. Mwaka 1954 wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waligoma kwa wingi ambao nchi ilikuwa haijauona, na mgomo ule ndio uliofungua njia ya sheria ya kazi ya 1959. Nalitaja hili mapema kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba watu wa viwanda vile hawajui haki zao. Wajukuu wa waliogoma 1954 wanazijua.

Mwaka 1976 serikali ilianzisha eneo huru la Puerto Cortés. Mwekezaji analeta kitambaa bila ushuru, anashonesha, anapakia melini kwenda Marekani, na kodi hadaiwi. Baadaye utaratibu huo ulienea sehemu nyingine za nchi, na Choloma ukajaa mabanda marefu yenye uzio na walinzi getini. Wenyewe huviita viwanda vile maquila. Walio wengi kwenye cherehani ni wanawake, na wengi waliingia wakiwa wasichana.

Humo ndani fundi hashoni shati. Anashona mshono mmoja: bega la kushoto, au ukosi, au pindo la mkono, kutwa nzima, kisha anamsogezea mwenzake. Watu hupangwa kwa vikundi, na kila kikundi kina idadi ya dazeni kinachotakiwa kutoa kabla ya zamu kuisha. Zikifika, wote wanapata bonasi. Zisipofika, wote wanakosa. Mahali penye mpango kama huo msimamizi hana haja hata ya kupaza sauti. Mtu akitaka kwenda chooni huwaza kwanza macho ya wenzake, ndipo awaze ya bosi. Akiumwa, watakaonuna ni walioketi naye mstari mmoja. Mimi huuona mpango huo kuwa mbaya kuliko matusi, maana aliyekutukana unaweza kumshtaki, lakini utamshtaki vipi jirani yako aliyekosa hela ya maziwa ya mwanawe kwa sababu wewe mkono ulikuwa unauma?

Viwanda vingi vya huko hutumia zamu wanayoiita nne kwa nne: siku nne za kazi, saa 11 au 12 kila siku, kisha siku nne za mapumziko. Kwenye karatasi inapendeza. Mwili lakini una hesabu yake. Chama cha wanawake cha huko huko Choloma, kinachoitwa CODEMUH, kimekusanya kwa miaka mingi habari za wanawake walioharibika mabega, viganja na mgongo kwa kurudia mkono ule ule maelfu ya mara kwa siku. Hawa ni watu wa umri wa miaka thelathini na kitu, wasioweza kuinua mkono kujichana. Na kabla ya kulipwa chochote lazima ofisi ikubali kwamba maradhi yametokana na kazi, na huko ndiko mafaili hukaa miaka.

Twende Meksiko. Mpango wa viwanda vya mpakani ulianza mwaka 1965, baada ya Marekani kusitisha ule wa kuwachukua vibarua wa mashambani. Mwaka 1996 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu miji kama Tijuana, Matamoros na Reynosa. Ilionyesha kwamba mwanamke akiomba kazi alipimwa mkojo kuona kama ana mimba, na aliyekutwa nayo hakuajiriwa. Wengine waliulizwa habari za hedhi zao na maisha yao ya ndoa. Aliyepata mimba akiwa kazini aliweza kuhamishiwa kazi nzito mpaka aache mwenyewe. Viwanda vile vilifanya hivyo ili kukwepa gharama ya likizo ya uzazi, na serikali ilifumba macho kwa sababu ilikuwa ikishindania wawekezaji.

Ciudad Juárez ni mji wa mpakani pia. Mwezi Novemba 2001 miili ya wanawake 8 ilipatikana katika shamba la zamani la pamba mjini humo. Familia za mabinti watatu kati yao zilifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo mwaka 2009 iliihukumu Meksiko kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza vifo vyao. Mmoja wa mabinti wale watatu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Siku aliyotoweka alichelewa kazini dakika 2, akakuta mlango umefungwa, akarudishwa. Sisemi kiwanda kilimuua. Nasema kanuni ya mlango iliandikwa na mtu aliyewaza dazeni tu, katika mji ambao kila mtu alijua kwamba wanawake wanapotea njiani.

Sasa ninakuja kwenye jambo lililonileta. Mateso haya yalijulikana mapema. Mwaka 1996 msichana wa Honduras wa miaka 15 alikwenda Marekani kueleza jinsi alivyoshona nguo zenye jina la mtangazaji maarufu wa televisheni, Kathie Lee Gifford, zikiuzwa katika maduka ya Wal-Mart. Ilikuwa habari ya kila gazeti. Makampuni yakaandika kanuni za maadili, wakaguzi wakatumwa na fomu zao. Kwa nini basi mabega yaliendelea kuharibika?

Kwa sababu mkaguzi huandika alichokiona, na aliyekaa kwenye mashine hana nguvu ya kudai kirekebishwe. Nguvu iko kwa anayeweza kuondoka. Mgodi hauhami, bandari haihami, lakini cherehani hupakiwa kwenye kontena, na oda ya nguo huhamishwa kwa barua pepe. Kila mazungumzo ya mshahara katika viwanda vile hufanyika chini ya sentensi moja: mkitusumbua tutafunga. Na si maneno matupu. Guatemala, kiwanda cha Camisas Modernas cha kampuni ya Phillips-Van Heusen kilisaini mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi mwaka 1997. Ulikuwa mkataba pekee wa aina hiyo katika viwanda vya nguo vya nchi nzima. Desemba 1998 kiwanda kikafungwa.

Hata mnunuzi mwenye nia njema anaweza kuumiza. Mwaka 1995 wafanyakazi wa kiwanda cha Mandarin, El Salvador, walifukuzwa baada ya kuunda chama. Kelele zilipofika Marekani, kampuni ya Gap iliyokuwa ikinunua nguo pale ilisimamisha oda. Tafakarini hapo: waliodai haki ndio waliobaki bila kazi, na Gap ikabaki na mikono misafi. Wanaharakati walifanya jambo la busara. Hawakushangilia. Walimwambia mnunuzi arudi na arekebishe, na mwezi Desemba mwaka ule Gap ikakubali. Wafanyakazi waliofukuzwa walianza kurudishwa kazini, na kukaundwa kikundi huru cha Wasalvador wenyewe cha kukifuatilia kiwanda kile.

Somo hilo ndilo lililotumika Choloma, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kisa hiki nakipenda. Kiwanda cha Jerzees de Honduras kilikuwa cha kampuni ya Russell, iliyo chini ya Fruit of the Loom. Wafanyakazi walishona sweta zenye nembo za vyuo vikuu vya Marekani. Walipounda chama na kuanza kudai mkataba, kampuni ilitangaza kufunga, na Januari 2009 watu wapatao 1,200 wakawa nje. Kampuni ilisema ni hali ya uchumi. Taasisi moja ya ukaguzi, FLA, mwanzoni ilikubaliana nayo. Nyingine, Worker Rights Consortium, ilichimba zaidi na kusema chuki dhidi ya chama ilichangia kwa kiasi kikubwa.

Wafanyakazi walitazama lebo. Vyuo vile vina kanuni zinazotaka nguo zao zishonwe mahali ambapo chama kinaheshimiwa. Viongozi wa chama wakasafiri, wakazunguka chuo hadi chuo, wakasimama mbele ya wanafunzi kupitia wakalimani. Wanafunzi wakawabana wakuu wa vyuo vyao, na vyuo zaidi ya 100 vikavunja au kusitisha mikataba ya nembo na Russell. Haya yakiendelea, Juni 28 jeshi la Honduras lilimpindua Rais Zelaya, na barabara za San Pedro Sula zikajaa askari. Hawakurudi nyuma. Novemba 2009 kampuni ilikubali kufungua kiwanda kipya hapo hapo Choloma, kuwarudisha wafanyakazi, kuwalipa fidia, na kutokuingilia vyama katika viwanda vyake vingine vya Honduras.

Kampuni ilikuwa na uwezo wa kuhamia nchi yoyote duniani. Isingeweza kuzihama nembo za vyuo. Wafanyakazi waliipata sehemu ya biashara ambayo haipakiwi kwenye kontena, wakakaa hapo.

Mwaka uliofuata silaha hiyo ilitumika tena. Viwanda viwili vya Honduras vilivyoishonea kampuni ya Nike, Hugger na Vision Tex, vilikuwa vimefungwa na kuwaacha watu 1,800 bila kiinua mgongo. Nike ilisema deni ni la wenye viwanda. Chuo Kikuu cha Wisconsin kikavunja mkataba nayo, na Julai 2010 Nike ikatoa kiasi cha dola milioni 1.5 kwa mfuko wa kuwasaidia. Meksiko nako, kiwanda cha magari cha General Motors kilichoko Silao, wafanyakazi walikataa kwa kura mwaka 2021 mkataba uliosainiwa na chama cha mfukoni mwa mwajiri, na mwaka 2022 wakachagua chama huru. Kilichosaidia ni kifungu cha mkataba mpya wa biashara na Marekani kinachoruhusu bidhaa za kiwanda kinachonyima uhuru wa chama zinyimwe nafuu ya ushuru.

Nilisema ipo sheria inayotufunga nao. Mei 2000 Rais Clinton alisaini sheria ya biashara na maendeleo. Sehemu yake ya kwanza ni AGOA yetu, yaani nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika zinazoingia Marekani. Ya pili ilizipa nafuu nchi za Karibi na Amerika ya Kati, Honduras ikiwemo. Tuliwekwa kwenye karatasi moja, na anayefunga Choloma anaweza kufungua Athi River, Kenya, au kinyume chake. Januari 2003 wafanyakazi wa EPZ ya Athi River, yaani eneo la viwanda vya kuuza nje, waligoma. Oktoba mwaka huo mabinti wa kiwanda cha Tri-Star, Kampala, waligoma kwa sababu ya jinsi walivyotendewa. Mamia walifukuzwa, na Rais Museveni mwenyewe akatetea hatua hiyo kwa hoja kwamba migomo inafukuza wawekezaji. Sentensi ni ile ile niliyoitaja Guatemala, safari hii imetoka Ikulu.

Kwa hiyo viongozi wa vyama mlioko hapa, nina ombi mahususi. Kabla hamjaenda kwenye meza ya mazungumzo, jueni nguo zinazotoka kwenye kiwanda chenu zina lebo ya nani, zinauzwa wapi, na mwenye lebo ameahidi nini kwa wateja wake. Mfanyakazi wa stoo anayebandika lebo anajua kuliko afisa wa wizara. Na kiinua mgongo kidaini mapema, kiwekwe benki katika akaunti ambayo mwenye kiwanda hawezi kuigusa, wakati oda bado zipo. Wale 1,800 wa Hugger na Vision Tex walikuwa na haki hiyo kisheria, na fedha hazikuwepo.

Lipo jambo ambalo ushindi wa 2009 haukuligusa, nalo ni kasi ya mashine. Zamu ya nne kwa nne inaendelea, na wanawake wa CODEMUH wanaendelea kupeleka mafaili. Hapo mimi sina mfano wa ushindi wa kuwaletea. Kama kuna yeyote humu ambaye chama chake kimewahi kuingiza idadi ya dazeni kwenye mkataba wa hali bora, naomba awe wa kwanza kupewa kipaza sauti.