Kubadili Picha ya Deskitopu Bila Kubabaika Mbele za Watu

Habari zenu. Asiyenisikia aandike kwenye chati, ingawa sijui atajuaje kuwa nimesema hivyo.

Nianze kwa kuungama. Mwaka jana nilikuwa nawasilisha taarifa mbele ya watu arobaini hivi. Slaidi zikaisha, nikafunga programu, na badala ya kuacha kushiriki skrini nikawafungulia deskitopu yangu: mwanangu ndani ya beseni, povu la sabuni kichwani kama kilemba, analia mdomo wazi. Nikakimbilia kuibadilisha palepale. Nikabofya kulia, menyu ikashuka, nikaingia kwenye mipangilio, nikafungua folda, picha zikaanza kujitokeza mojamoja. Zote za beseni. Watu arobaini wakanisindikiza safari nzima, kimya.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii ile picha ya kuficha ukuta nyuma ya kichwa chako kwenye kamera. Hiyo ni kazi ya programu ya mkutano. Nazungumzia ile inayokaa chini ya aikoni zako. Na kama huna sababu ya kuionyesha, shiriki dirisha moja tu la programu unayotumia, ulale usingizi wako. Ninayoyasema leo ni ya yule anayeshiriki skrini nzima.

Kosa langu lilikuwa kudhani natakiwa kubadili picha. Nilitakiwa kuhama chumba. Kwenye Windows 11, shika Ctrl pamoja na kitufe cha Windows, kisha bonyeza D. Inafunguka deskitopu nyingine, haina dirisha hata moja. Ukishika vilevile viwili na kubonyeza mshale wa kushoto, unarudi ulikotoka. Wa kulia, unakwenda tena. Sasa bonyeza kitufe cha Windows na Tab: deskitopu zako zinajipanga chini zikiwa ndogondogo. Bofya kulia juu ya moja, uichagulie picha yake yenyewe. Hayo yote yafanye asubuhi, peke yako, chai ikiwa mezani. Ukiwa mbele za watu unabaki na mshale tu.

Hapa pana mtego, na mimi ulininasa. Picha huwekwa kwenye deskitopu uliyopo, lakini ukichagua rangi tupu au picha za kupishana, zinaenea kwenye deskitopu zote. Kwa hiyo anayetaka kijivu kitupu kwenye moja tu, achore kwanza faili la picha lililojaa kijivu, kisha aliweke kama picha. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Wenye Mac wana raha zaidi: Control na mshale. Kwenye matoleo ya karibuni mhakikishe tu kuwa ule uchaguzi wa kuonyesha picha moja kwenye maeneo yote, yaani deskitopu zote, umezimwa.

Wa Windows 10 hawana picha tofauti kwa kila deskitopu, ila wana njia ya mkato. Weka picha mbili tatu kwenye folda moja, uchague zipishane kama maonyesho ya slaidi, muda wa kupishana uwe siku nzima, na uchanganyaji uzime. Kuanzia hapo, ukibofya kulia kwenye sehemu tupu ya deskitopu utaona chaguo la kuleta picha inayofuata. Mibofyo miwili, basi.

Picha gani sasa? Mimi napenda iliyotulia. Kile kilima cha kijani cha Windows XP, alichokipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, kina nini? Majani, anga, mawingu machache. Jicho halikwazwi popote. Halafu kuna jambo la mtandao: skrini inayoshirikiwa hubanwa kama video, na picha iliyojaa majani na nyuso ni mzigo kuliko rangi moja. Mwenye intaneti dhaifu ataiona ukungu-ukungu kwanza, ndipo itakate.

Lakini mimi mwenyewe siku hizi sifichi tu, naandika. Deskitopu yangu ya pili ina neno moja kubwa: MAPUMZIKO, na chini yake saa ya kurudi. Ya tatu ina swali la kujadili. Maandishi nayaweka upande wa kulia, kwa sababu kushoto aikoni huyakanyaga. Kwanza aikoni zenyewe nazificha: bofya kulia, nenda kwenye mwonekano, ondoa alama ya kuzionyesha. Faili linaloitwa "mshahara mpya" halina haja ya kuhudhuria kikao.

Mara ya kwanza niliisahau ile saa ya kurudi, ilikuwa ya mkutano wa juzi yake, na nusu ya watu wakadhani wamechelewa. Basi ikagueni kabla.

Sasa naweka vidole: Ctrl, Windows, mshale wa kulia. Mnaona imeandikwa MASWALI? Kuna mkono umenyooshwa muda mrefu. Washa maikrofoni, karibu.