Mti Uliochunwa Gome

Mhadhara uliotolewa kwa warina asali na wanafunzi, Sikonge, Tabora

Mwangaluka! Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Nyie vijana mliokaa karibu na mlango kama mnasubiri basi, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimeombwa niseme juu ya kulinda viumbe wa porini na kuwatendea wanyama kwa huruma. Mke wangu aliposikia mada akadhani nakuja kusimulia tembo wa pori la Ugalla. Tembo ana wasemaji wengi. Mimi nimekuwa bwana nyuki mpaka nikastaafu, kwa hiyo leo mtanivumilia na mdudu.

Pokeeni hili sinia, lipitisheni. Kuna vipande viwili vya sega. Cha kwanza kimerinwa usiku kwa kienge cha majani makavu. Kinuseni: kinanuka masizi. Hivi vitu vyeupe vilivyosinyaa pembeni ni majana, watoto wa nyuki, wameivia humo humo. Hizo punje nyeusi zilizonasa kwenye asali ni nyuki wazima waliobabuka mabawa. Kipande cha pili kimekatwa kwa kisu, vitundu vyote vimefunikwa nta, hakuna jana hata mmoja. Bei ya kipi iko juu, mnajua kuliko mimi.

Watu wakisikia ustawi wa wanyama wanamfikiria punda anayechapwa na mkokoteni umemzidi. Sawa, na yeye aonewe huruma. Lakini kundi zima la nyuki tunaliteketeza kwa dakika kumi na tunaita kazi. Halafu tunalalamika mzinga umekaa mtupu. Nyuki wa kwetu ni mwepesi wa kuhama. Ukimsumbua sana au chakula kikipungua, anachukua malkia wake anaondoka. Na ukimuunguza malkia, waliobaki bila jana changa la kumlea awe malkia mpya wamekwisha.

Hata ukali wake una sababu. Nyuki akikuuma au ukimponda, anaachia harufu, na mwenye pua nzuri ataijua: inafanana na ndizi mbivu. Ile ndiyo mbiu ya mgambo. Wenzake wakiisikia wanakujia wote. Moshi mwepesi wa bomba la kufukizia nyuki unaifunika ile harufu, na tena nyuki wakihisi moshi wanakimbilia kujaza asali tumboni, wanakuwa wazito na wapole. Moshi unatosha. Moto hauhitajiki hata kidogo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa mtoto nilimfuata mjomba msituni. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, alikuwa juu ya mti analia kwa fujo, anaruka mti hadi mti, anatungoja, mpaka akatufikisha kwenye mti wenye pango. Mjomba akapanda na kienge. Aliporina alimwachia mlembe kipande cha sega kwenye kisiki, maana ndege yule anakula nta na majana, na mjomba alikuwa mtu wa haki. Kienge akakitupa chini. Ilikuwa mwezi wa tisa, nyasi zimekauka kama karatasi. Moto ule uliwaka siku mbili. Tulirudi nyumbani na nusu ndoo.

Moto wa mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita chini chini. Wa mwezi wa tisa unapanda. Unaua miche, unababua maua ya miti ya miyombo, na hayo maua ndiyo asali yenyewe. Mtu ameunguza ghala kwa ajili ya kibaba kimoja.

Sasa nije kwenye lile ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tukikaa vikao vya misitu, sisi watu wa asali tunanyoosha kidole kwa wakulima wa tumbaku. Ni kweli, mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, na Tabora imelima tumbaku miaka mingi. Dawa wanazopulizia shambani nazo zinamfikia nyuki. Sibishi. Lakini juzi nimepita njia ya msituni, sikwenda hata kilomita moja kutoka barabarani, nikakuta mti mnene wa mtundu, jamii ya miyombo, umesimama uchi. Umechunwa gome kuzunguka shina lote, kuanzia kiunoni mpaka juu ya kichwa changu. Utomvu umeganda kwenye ubao kama jasho, majani yameanza kugeuka rangi. Huo haukuchunwa na mkulima wa tumbaku. Umechunwa na mwenzetu, atengeneze mzinga wa gome.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Ukilivua kuzunguka, mizizi inashinda njaa, na mti unakufa taratibu ukiwa umesimama. Mti wa maua mwaka hadi mwaka, umeutoa kwa mzinga mmoja utakaooza. Heshima yangu kwa wazee waliotufundisha mzinga huo, lakini wao walikuwa na msitu usio na mwisho, nasi hatuna. Tangu Pori la Akiba la Ugalla lifanywe Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, mizinga haina nafasi tena kule ndani. Najua manung'uniko yaliyopo, na mengine yana haki. Kuna familia zilizokuwa zikiingia kwa kibali kila msimu. Ila matokeo yake ni kwamba misitu ya vijiji imebeba mzigo wote. Ndiyo hiyo hiyo tunayoichuna.

Nipumzike. Maswali?

Mzee mmoja aliuliza habari za nyegere, mnyama anayevunja mizinga ale asali. Nikamwambia, mzee wangu, usimtegee sumu, utaua na mbwa wa jirani. Ning'iniza mzinga wa sanduku kwa waya katikati ya miti miwili, usawa wa kifua, mbali na shina. Waya huo ukiupaka grisi na siafu hawapiti. Na mzinga wa usawa huo mama anaufungua bila kupanda mti.

Hapo akasimama mama mmoja. "Baba, huo mzinga wa masanduku nao si mbao? Mbao si mti?"

Swali zuri, na nilistahili kuulizwa. Ni mti, mama. Lakini tumia mbao za miti ya kupandwa, usiguse mninga. Gogo moja linatoa mizinga kadhaa, na ukiutunza unadumu miaka mingi. Nyuki wakiukataa kwa ugeni, yeyusha nta, upake ndani.

Kesho saa moja asubuhi tutafungua mmoja nyuma ya shule. Njooni na mashati ya mikono mirefu, na tafadhali msijipulizie manukato.