Picha ya Ubongo wa Mtoto Mchanga: Ipigwe Siku Gani?

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Wauguzi, madaktari, na nyinyi wazazi mliokuja na joto hili la Mombasa, nitaanza na kalenda, maana makosa mengi huanzia hapo.

Mtoto aliyetimiza miezi yake lakini akakosa hewa wakati wa kuzaliwa, MRI yake, yaani picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, ipigwe kati ya siku ya 4 na ya 7. Ukimpeleka siku ya kwanza, picha za kawaida huenda zikatoka safi ilhali seli zinakufa. Picha za difusheni, zinazofuata mwendo wa maji ndani ya tishu, huliwahi jeraha mapema, lakini baada ya wiki hivi nazo huanza kuonekana sawa. Ubongo haujapona, ni alama tu iliyofutika. Ripoti isiyotaja umri wa mtoto kwa siku, irudisheni.

Sasa tutazame wapi? Kwanza viini vya ndani ya ubongo na thalamasi, kituo cha katikati kinachopokea na kupeleka ujumbe. Kisha tawi la nyuma la kapsuli ya ndani, njia ambayo amri za misuli hushukia hadi uti wa mgongo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, tawi hilo huwa limeanza kuvaa utando wake wa mafuta na hung'aa kwenye picha ya T1, aina mojawapo ya picha za MRI. Mng'ao ukikosekana pande zote mbili na viini vimeumia, uwezekano wa mtindio mzito wa ubongo ni mkubwa. Lakini usiusome hivyo kwa mtoto wa wiki 32 za mimba. Kwake ni mapema mno kuutarajia.

Huyo aliyezaliwa kabla ya wakati hupimwa kwa altrasaundi kupitia utosi. Damu ikivuja ubongoni, mara nyingi huvuja ndani ya siku 3 za mwanzo. Vifuko vya maji vinavyotangulia ukakamavu wa miguu, hivyo huchelewa: huonekana wiki 2 hadi 4 baada ya jeraha. Basi mama akiruhusiwa wiki ya 2 na jibu "safi", jibu hilo halijakamilika. Rudieni wiki ya 4, na tena anapofikia wiki 40 kwa kuhesabu tangu mimba.

Dawa ya usingizi si lazima. Anyonyeshwe nusu saa kabla, afungwe shuka vizuri, azibwe masikio. Vueni vishikizo vya chuma, pini na hirizi, na wanja ufutwe. (Hirizi atarudishiwa, msigombane na bibi yake.) Waya za vipimo zisijikunje zikamgusa ngozi, huunguza. Chumba cha mashine ni baridi, kwa hivyo pimeni joto kabla na baada. Lisishuke chini ya nyuzi 36.5.

Hata hivyo picha peke yake haitoshi. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2017 yaliipa MRI uwezo wa kugundua asilimia 86 hadi 89 ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na uchunguzi wa miondoko ya mtoto asilimia 98. Uchunguzi huo hautaki mashine. Akiwa na wiki 12 hadi 16 tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mlazeni chali akiwa macho na ametulia, bila chuchu bandia wala kidoli, mumrekodi kwa simu dakika 3 hadi 5, kisha video ifike kwa aliyefunzwa kuisoma. Akianza kulia, simamisheni. Video ya kilio haisomeki.