Ama Vyote, Ama Mkanda wa Kiwandani

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie usalama kwenye uwanja wa mbio za magari "kwa ujumla". Wanaonifahamu wameanza kucheka, maana wanajua nikipewa kipaza sauti nazungumzia shingo. Basi tuanze na shingo, muda ukibaki tutafika kwingine.

Nawaona mnavyoingiza magari yenu ya spoti uwanjani. Ekzosi mpya, rimu mpya, injini imeongezwa nguvu. Halafu mtu anataka gari lifanane na la mbio, anang'oa mkanda wa kawaida na kufunga mikanda ya ncha nne, miwili mabegani, miwili kiunoni, rangi nyekundu ya kupendeza. Anajibana, anapiga picha. Huyo ndiye niliyekuja kumsema. Yule aliyekuja na gari kama lilivyotoka kiwandani ana nafuu kuliko yeye.

Naona mmenikunjia nyuso. Haya, tupige hesabu. Mkanda wa kawaida umeundwa uachie kidogo. Gari likigonga, unakukaza, kisha unalegea kwa kipimo, kifua kinasogea mbele, na mfuko wa hewa unapokea kichwa na kifua pamoja. Mikanda ya mbio haina huruma hiyo. Inakamata mabega yote mawili na kiwiliwili kinabaki kwenye siti. Kichwa je? Kichwa hakikufungwa na kitu chochote isipokuwa shingo. Pamoja na helmeti kina kama kilo 6. Mgongano ukifikia mara 50 ya uzito wake, shingo inavutwa kama vile imening'inizwa kilo 300. Hakuna mazoezi ya kujenga shingo ya namna hiyo. Fuvu linavunjika kwenye kitako chake, pale linapokalia uti wa mgongo, na mara nyingi basi tena.

Tarehe 18 Februari 2001, mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, mbio kubwa za NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, dereva Dale Earnhardt aligonga ukuta. Walioitazama waliona ajali ya kawaida tu, wamezoea magari kupinduka mara saba na dereva akatoka anapunga mkono. Ken Schrader, aliyegonga ukuta pamoja naye, alishuka kwa miguu yake akaenda kumtazama mwenzake, akawaita waokoaji kwa haraka. Earnhardt alikufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Mwaka uliotangulia, Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper walikuwa wamekufa katika magari ya NASCAR. Kabla yao dereva wa Formula 1, Roland Ratzenberger, uwanja wa Imola, Italia, 1994, jeraha ni lile lile la Earnhardt.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi. Dawa ilikuwapo! Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya rafiki yao Patrick Jacquemart kufa mwaka 1981, dereva Jim Downing na shemeji yake, Profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State, walibuni kifaa cha HANS. Ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, na kamba mbili fupi zinaishika helmeti, ili mwili ukizuiwa kichwa nacho kizuiwe. Madereva walikikataa miaka nenda miaka rudi. Eti kinabana, eti hakipendezi. Mpaka Oktoba 2001 NASCAR wakalazimisha kinga ya kichwa na shingo, na Formula 1 wakafuata mwaka 2003. Hakuna dereva wa ligi kuu ya NASCAR aliyefia mbioni tangu siku ile ya Daytona. Kuta zinazonyonya mgongano nazo zina sehemu yake, sikatai.

Kuna atakayeniambia mkanda wa Earnhardt ulikutwa umekatika. Ni kweli, na wachunguzi walitaja sababu kadhaa zilizokutana. Hilo halinipingi, linaniunga mkono, kwa sababu vifaa hivi hufanya kazi kwa kushikana.

Mwingine atasema ajali haina kinga. Muulizeni Romain Grosjean, dereva wa Formula 1. Bahrain, Novemba 2020, aliingia kwenye reli za chuma kwa kilomita 192 kwa saa, gari likakatika vipande viwili, likawaka. Akatoka mwenyewe, ameungua mikono.

Na wa tatu, huyu simwezi: "Mimi sishindani, naendesha kwa raha." Ukuta haukuulizi umekuja kutafuta kikombe au raha. Ukiongeza mwendo kutoka 100 hadi 200, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, si mara mbili. Na hata ukiwa hodari, kuna mwenzako aliyemwaga mafuta ya injini kwenye kona unayoijia.

Kwa hiyo nasema ama vyote ama mkanda wa kiwandani. Mikanda ya mbio inataka HANS. Inataka siti yake, yenye tundu la mkanda wa kupita katikati ya mapaja, vinginevyo utateleza chini na mkanda wa kiunoni utapanda tumboni. Ile ya mabegani iende nyuma karibu usawa wa bega. Ukiifunga sakafuni, siku ya kugonga itakandamiza uti wa mgongo. Inataka pia keji ya vyuma, yaani fremu ya mabomba inayomzunguka dereva, kwa sababu paa likibonyea na wewe umefungwa wima, huna pa kuinamia. Lakini ukiweka keji usiendeshe mtaani bila helmeti. Kichwa kitupu na bomba la chuma havipatani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Mafuta ya breki hunywa unyevu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, iliyolowa inaweza kuchemka kwenye 155, na pedali inakwenda hadi sakafuni. Badilisheni kabla ya kuja. Nguo za nailoni huyeyukia kwenye ngozi, acheni nyumbani. Kizima moto kifungwe kwa bolti, siyo kukilaza chini ya siti. Matairi nilikuwa nayo mengi ya kusema, basi.

Maswali. Anayetaka kuuliza kama helmeti ya pikipiki inafaa, zile zilizopitishwa na Snell, taasisi ya kupima helmeti, zenye herufi SA, za magari, hupimwa kwa moto na kwa kugonga vyuma vya keji, zenye M, za pikipiki, hazipimwi hivyo. Swali la pili?