Asipofika Je? Mazungumzo Kuhusu Ushirika na Ndugu Zake

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nieleze maana ya ushirikiano. Jibu fupi liko kwenye kamusi, wala halikuhitaji kuwatoa shambani. Nitachukua maneno tunayoishi nayo na kila moja nitaliuliza swali moja: mwenzetu asipofika, inakuwaje?

Tuanze na chakula. Watu wa pwani wanajua kula kikoa: leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa fulani. Ukila kwa wenzako, kisha zamu yako ikifika ukaumwa ghafla, hakuna atakayekupeleka mahakamani. Utasemwa tu, na anayejua mitaa yetu anajua uzito wa kusemwa. Kula bia ni kwingine. Kila mtu anatoa chake kabla ya sufuria kupanda jikoni, kwa hiyo hakuna wa kumdai mwenzake. Naona wa nyuma wanacheka. Bia ya kuchangiana, jamani!

Sasa twende kwenye ujima. Kule Kilimanjaro kuna mifongo, mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka juu ya mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Mvua kubwa ikishusha mawe na tope, mfongo unaziba, na wenye maji wanaitwa kuuzibua. Asiyefika anatozwa faini. Akikaidi, zamu yake ya maji inaingia mashakani, na migomba yake itamsemea. Nasikia watu wakisema wazee wetu walisaidiana kwa upendo mtupu. Mimi siamini. Walipendana, ndiyo, lakini asubuhi ya kazi walihesabu vichwa.

Upatu nao akina mama mnaujua kuliko mimi. Watu kumi, kila wiki elfu kumi kumi, mmoja anaondoka na laki. Hatari iko kwa aliyepokea mwanzoni: akihama mtaa, kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, ndiye anayesumbuliwa, na mara nyingi hulipa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana kijumbe mzoefu humweka mgeni zamu ya mwisho. Hana sheria wala mhuri, ana ule mpangilio wa majina kwenye daftari, na huo mpangilio ndio dhamana yake yote. Kwangu mimi huo ni utaalamu kamili wa fedha.

Ubia nitaupita haraka. Mmeweka mtaji, mna mkataba, mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Mkigombana kuna mawakili.

Ushirika ni habari nyingine, kwa sababu humo mwenye magunia mawili na mwenye magunia mia wana kura moja moja. Na humo swali langu linageuka. Si mwanachama peke yake anayeweza kukosa kufika. Chama nacho kinaweza kisifike kwako.

Tazameni kahawa. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association (KNPA), na Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walowezi hawakupenda kabisa kuona Mwafrika analima kahawa, kwa hiyo kukusanyika kulikuwa kinga. Sheria ya vyama vya ushirika ikaja mwaka 1932, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Kisha ikawekwa amri kwamba kahawa yote ya wenyeji ipitie huko. Mwaka 1937 ghasia zikazuka mlimani. Mkulima yuleyule aliyejiunga kwa hiari miaka michache nyuma sasa alikuwa analazimishwa, na bei ilikuwa haimridhishi.

Baada ya uhuru, vyama vikuu vilikua sana, na malalamiko ya wizi na upendeleo yakakua navyo. Mwaka 1976 serikali ikavifuta, kazi zake zikapelekwa kwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Malalamiko yalikuwa ya kweli, sibishi. Ninachokataa ni utaratibu: chama cha wakulima kilifutwa kutoka juu, kikarudishwa kutoka juu, na mkulima mwenyewe akapata habari redioni.

Kwa hiyo msiniambie ushirika umekufa kwa sababu watu hawapendani. Nendeni mkaangalie makato. Mkulima wa korosho anapeleka mzigo AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, fedha zinapita benki. Kati ya bei iliyotangazwa na kinachoingia kwenye akaunti yake kuna usafirishaji, kuna ghala, kuna ushuru wa halmashauri, kuna chama cha msingi, kuna chama kikuu. Kila kato lina mwenyewe na lina kiasi chake. Chukua karatasi yako ya mizani, linganisha na kilo zilizouzwa. Zikipungua, uliza zimepungulia wapi, kati ya mizani ipi na ipi.

Na mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu, inaposomwa taarifa ya ukaguzi, iwe ya COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, au ya mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa. Huwa ni kurasa nyingi, na katibu huisoma mbiombio saa nane mchana watu wakinusa pilau. Mwakani mwambieni aanze nayo asubuhi, chai haijapoa. Maswali, karibuni.